Mgongoni mwa Picha

Kamera ya kwanza iliyokusudiwa kupita Usui haikufika. Agosti 1860 James Augustus Grant, ofisa wa jeshi la Waingereza la India, alikuwa Unguja na sanduku la vioo, chupa za dawa na hema dogo la giza, akipiga picha za mji. Picha hizo ni kati ya picha kongwe kabisa za Zanzibar zilizosalia. Yeye na mwenzake John Hanning Speke walikuwa wanakwenda bara kutafuta chimbuko la Nile, na kamera ilikuwa isafiri nao. Lakini picha ya siku hizo ilikuwa kazi ngumu: kioo kilipakwa dawa, kikapigwa picha kingali kibichi, kikasafishwa hapohapo gizani kabla dawa haijakauka. Kazi hiyo ilifanyika ndani ya hema lililofungwa, jua la Oktoba likiwa juu yake. Walipofika Usagara, Speke aliona kwamba joto la hema lile lingemuua mwenzake, akairudisha kamera pwani pamoja na watu waliougua.

Mwaka uliofuata, mwishoni mwa 1861, msafara uliingia Usui, nchi ya Mukama Suwarora, ambayo leo sehemu yake kubwa iko katika wilaya za Biharamulo na Ngara, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Walikaa huko wakidaiwa hongo ya vitambaa, waya na shanga mpaka Speke akachoka kuandika malalamiko yake. Grant alibaki na penseli na rangi za maji. Karatasi na michoro yake imehifadhiwa Edinburgh, katika Maktaba ya Taifa ya Scotland. Sura ya Suwarora mwenyewe hatunayo.

Naanza na kamera iliyogeuzwa njiani kwa sababu historia ya picha katika wilaya hizi mbili, kwa miaka mingi, ni historia ya wapitaji. Ngara na Biharamulo ni nchi ya njia. Aliyetoka Unyanyembe kwenda Karagwe na Buganda alipita hapa. Aliyekwenda Rwanda alivuka mto Kagera pale Rusumo. Aliyekwenda Burundi alipanda vilima kuelekea Kabanga. Waliokuja na kamera waliondoka nayo, na picha zikaondoka nao. Wenyeji walipigwa picha wakiwa wachukuzi, walinzi wa njia, wanawake wenye mitungi, watoto waliosogea kuangalia. Hawakupewa nakala, na mara nyingi hawakuulizwa majina.

Mei 1894 Gustav Adolf von Götzen, Mjerumani ambaye baadaye alikuwa gavana wa koloni zima, alivuka Rusumo kuingia Rwanda. Baada yake wakaja maofisa, wapimaji ardhi na wanasayansi. Biharamulo ikapata boma la mawe, na jengo lile limesimama mpaka leo juu ya mji. Mwaka 1911 Hans Meyer, yuleyule aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889, alizunguka katika nchi za kati ya maziwa makuu akipiga picha, na hazina yake ikaishia Leipzig. Picha nyingi za koloni zilikusanywa na Jumuiya ya Ukoloni ya Ujerumani. Baada ya safari ndefu mkusanyiko huo umetulia katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, picha zipatazo 55,000, na wenye maktaba waliziingiza zote kwenye kompyuta ili yeyote mwenye intaneti azione. Desemba 2008 Kumbukumbu za Taifa za Ujerumani nazo zilitoa makumi ya maelfu ya picha kwa Wikimedia Commons, zikiwemo za Walther Dobbertin, mpiga picha aliyefanya kazi Afrika Mashariki ya Kijerumani tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Chuo Kikuu cha Northwestern cha Marekani kimeweka hadharani mkusanyiko wa Winterton, picha zaidi ya 7,500 za Afrika Mashariki kati ya 1860 na 1960.

Ni jambo la kushukuru, nami nashukuru kwa dhati. Kijana aliyeketi Nyakahura, Biharamulo, mwenye simu na vocha ya intaneti anaweza leo kuona kile ambacho babu yake asingekiona hata angekwenda Dar es Salaam. Lakini lazima ajue kutafuta. Akiandika Biharamulo atapata kidogo. Akiandika Ussuwi au Usuwi, kama Wajerumani walivyoliandika jina lile, huenda akapata zaidi. Na akiipata picha, akausoma mstari ulio chini yake, atakutana na pengo lilelile kila mara. Mzungu aliye katikati ana jina, cheo na mwaka. Waliomzunguka ni wachukuzi, ni askari, ni watu wa mahali fulani. Sura zao ni safi, unaweza kuhesabu shanga shingoni. Majina hayapo.

Kisha ukaja mpaka. Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliitwaa Biharamulo kutoka kwa Wajerumani, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha Ulaya ilikaa kugawana. Tarehe 30 Mei 1919 Milner kwa niaba ya Uingereza na Orts kwa niaba ya Ubelgiji walikubaliana juu ya mstari. Waingereza walitaka pia Gisaka, ng'ambo ya Rusumo, kwa ajili ya reli waliyoiota, na kwa muda mfupi wakaipata kabla ya kuirudisha Rwanda kufikia mwanzo wa 1924. Bugufi haikurudi. Nchi hiyo ndogo ya vilima, ambayo kabla ya hapo ilihesabiwa kuwa ya ufalme wa Burundi, ikabaki Tanganyika, ikawa pamoja na Bushubi kile tunachokiita leo Ngara. Mwaka 1948, ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulipozuru, Mwami Mwambutsa wa Urundi bado aliomba Bugufi irudishwe kwake.

Kwa picha, maana ya mstari ule ni hii: ndugu wa ukoo mmoja wakawa na kumbukumbu katika nchi nne za Ulaya. Zilizopigwa enzi za Wajerumani ziko Frankfurt, Leipzig na Berlin. Za watawala wa Kibelgiji wa upande wa pili wa mto Ruvuvu ziko kwenye makumbusho ya Tervuren, nje kidogo ya Brussels. Za maofisa wa Kiingereza ziko Uingereza, katika maktaba na katika madari ya nyumba za wajukuu wao. Za Mapadri Weupe ziko Roma. Mhangaza, yaani mtu wa Bugufi, anayeutafuta ukoo wake kwa picha inambidi abishe hodi katika milango minne ambayo hata haijuani.

Wamisionari ndio waliokaa, na kukaa kulibadili picha. Mpitaji hupiga watu asiowajua. Padri aliyekaa miaka 20 hupiga watoto aliowabatiza. Ndiyo maana katika picha za misheni yanaanza kuonekana majina, hata kama ni ya ubatizo peke yake. Kwa Wakatoliki kitovu kilikuwa Rulenge, makao ya jimbo ambalo mwaka 2008 lilibadilishwa jina na kuwa Rulenge-Ngara. Kwa Waanglikana kilikuwa Murgwanza, kwenye hospitali walikofanya kazi wamisionari kutoka Australia, na ambapo Dayosisi ya Kagera ina makao yake tangu 1985. Wauguzi na walimu hao walipostaafu walirudi kwao na albamu zao. Kwa hiyo ubatizo, harusi na darasa la kwanza la watu wa Ngara vimo leo katika makabati ya Melbourne na Sydney, na watoto wa wamisionari, wengi wao sasa ni wazee, wanapopekua masanduku ya wazazi wao huuliza swali letu kutoka upande wa pili: hawa ni nani?

Nitasema kidogo juu ya Askofu Christopher Mwoleka, kwa kuwa yeye aligeuza mambo. Aliongoza jimbo la Rulenge tangu 1969 hadi 1996, na hakuridhika kuhubiri ujamaa. Alihamia kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga akaishi na wanakijiji. Wageni walitoka mbali kuja kumwona askofu mwenye jembe mkononi. Picha ya askofu pale shambani inavutia macho ya dunia kwa ajili yake. Lakini kwa Nyabihanga yenyewe, watu wa kutafutwa ni wale walioshika majembe kulia na kushoto kwake.

Sasa njoo ndani ya nyumba.

Picha ya familia katika vilima hivi haikuanza kwa kutaka kumbukumbu. Ilianza kwa karatasi za serikali na za kazi: kitambulisho, cheti cha shule, kitabu cha chama, pasi ya kuvukia mpaka. Mtu alivaa koti la kuazima, akasimama mbele ya shuka lililotundikwa ukutani, akapigwa picha nne ndogo. Tatu zikaenda ofisini. Ya nne akampa mama yake, na mara nyingi ndiyo pekee iliyobaki baada yake. Baadaye zikaja picha za studio, mume ameketi na mke amesimama na mkono begani, saa ya mkononi imegeuzwa ionekane. Zikaja za rangi, ambazo filamu zake zilisafiri kwa basi hadi mji mkubwa kusafishwa na kurudi baada ya majuma kadhaa. Zikaja za msiba: jeneza, watoto mstari wa mbele, waombolezaji nyuma, migomba pembeni. Watu wa mbali hushangaa kuona albamu imejaa misiba, lakini msiba ndio ulioleta ukoo wote mahali pamoja na kumfanya mtu akubali gharama ya mpiga picha.

Zinahifadhiwa katika sanduku la bati chini ya kitanda, ndani ya bahasha ya khaki, pamoja na cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki na stakabadhi za kahawa. Nyingine zimo ukutani, nyingi ndani ya fremu moja, zimepishana kama vigae. Adui zake wanajulikana: mchwa, mende, moshi wa jikoni, unyevu wa masika, na kioo cha fremu kinachoganda na picha mpaka ukikiondoa sura inabaki kwenye kioo. Yupo na adui mwingine asiyeonekana, nami namwogopa kuliko mchwa: kifo cha mtu wa mwisho anayejua majina.

Kwa Wahangaza na Washubi, kama kwa ndugu zao wa Burundi, jambo hili ni zito kuliko kwingine. Jina la asili alipewa mtoto mwenyewe, kufuatana na hali ya nyumba alimozaliwa. Halikurithiwa kutoka kwa baba. Ndugu watatu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matatu yasiyofanana hata herufi. Huwezi kuukusanya ukoo kwa kufuata jina la mwisho, kama mifumo mingi ya mtandaoni inavyotaka ufanye. Kinachounganisha ni neno "mtoto wa", na neno hilo haliko usoni kwa mtu. Liko kichwani kwa bibi.

Mahali nako kumehamahama. Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 iliwatoa watu kwenye vilima vyao ikawapanga barabarani, hivyo nyumba inayoonekana nyuma ya harusi ya mwaka 1968 huenda leo ni pori au shamba la mtu mwingine. Mkoa wenyewe uliitwa Ziwa Magharibi mpaka baada ya vita vya Uganda, ukawa Kagera. Chato ilikatwa kutoka Biharamulo mwaka 2005, kisha ikapelekwa mkoa mpya wa Geita mwaka 2012. John Magufuli aliingia bungeni 1995 akiwa mbunge wa Biharamulo Mashariki, jimbo ambalo leo hulikuti kwenye ramani. Picha iliyoandikwa "Biharamulo" bila kutaja kilima haitoshi kukufikisha nyumbani.

Na kuna 1994. Nchi hii ilikuwa imezoea kupokea wakimbizi. Wanyarwanda wa miaka ya 1960 walikaa Muyenzi, Warundi walikuja baada ya mauaji ya 1972. Lakini tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi. Kambi ya Benaco, iliyochukua jina la kampuni iliyokuwa ikijenga barabara, ikawa kwa muda kambi kubwa kuliko zote duniani. Wapiga picha wakaja kwa ndege. Sebastião Salgado wa Brazil alipiga hapo baadhi ya picha zake zinazojulikana zaidi, moshi wa maelfu ya meko ukipanda juu ya mahema, akazitia katika kitabu chake cha mwaka 2000 juu ya watu waliohama. Kwa wasomaji wengi wa dunia, Ngara ni hiyo. Ni picha kubwa, na mpigaji alizipiga kwa huruma. Lakini mkazi wa Kasulo, jirani wa kambi, aliyegawa kuni na maji yake, ambaye miti ya kilima chake ilikwisha katika msimu mmoja, akizitazama hajioni.

Upande wa pili wa janga hilohilo picha ilifanya kazi nyingine. Watoto wengi walipotezana na wazazi wao njiani, na waliokuwa wadogo mno hawakuweza kutaja kwao. Mashirika ya misaada yakaanza kuwapiga picha mmojammoja, kila mtoto na namba yake kifuani, na kubandika picha hizo kwenye mbao mbele ya umati. Seamus Conlan, mpiga picha aliyeshiriki kazi hiyo Rwanda na Kongo, aliwapiga maelfu. Mama alipita mbele ya mbao zile akitazama uso baada ya uso, mpaka akaweka kidole na kutamka jina. Tangu alipotamka, namba haikuhitajika tena. Miaka kumi baadaye, Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari ya Kigali yalipofunguliwa mwaka 2004, chumba kimoja kilitengwa kwa picha za familia zilizoletwa na walionusurika: harusi, mahafali, watu wanacheka. Ni picha za sandukuni, zilizopigwa ili kutumwa kwa shangazi.

Kumbukumbu ya mtandaoni, kwa wilaya hizi, nadhani ni ule ubao wa watoto uliorefushwa. Jirani zetu wa Uganda wamekwisha kuonyesha njia. Mwaka 2011 Andrea Stultiens, Mholanzi, na Rumanzi Canon, Mganda, walianzisha mradi wa History in Progress Uganda.  Walikwenda kwa watu wenye masanduku, wakanakili, wakarudisha sanduku kwa mwenyewe, kisha wakaweka nakala mtandaoni na kuwaachia watu waseme. Mmoja wa watu walioonekana upya ni Musa Katuramu wa Ankole, mwalimu na seremala, aliyewapiga picha majirani na jamaa zake tangu miaka ya 1930. Negativu zake zilikuwa zimekaa nyumbani zikitunzwa na mwanawe. Ankole iko ng'ambo tu ya mto Kagera ukitoka Karagwe. Sioni sababu ya kuamini kwamba seremala wa namna ile hakuwepo upande wetu.

Kazi yenyewe si ya ajabu. Picha iliyoganda kwenye kioo usiibandue; iskani na kioo chake. Kama hakuna skana, simu inatosha: weka picha karibu na dirisha, kivulini, zima mwanga wa simu, simama juu yake sawasawa ili pembe zisipinde. Piga mbele, kisha igeuze upige na nyuma, hata kama nyuma kuna muhuri tu wa studio au neno moja la kalamu iliyofifia, kwa kuwa neno hilo laweza kuwa ndilo tarehe pekee iliyopo. Ukimtumia ndugu kwa WhatsApp, tuma kama faili la hati, maana ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa na sura za mstari wa nyuma zinayeyuka. Weka nakala mahali patatu mbalimbali. Na kabla ya yote hayo, kaa na mzee, washa kinasa sauti cha simu, usimharakishe. Mpe picha mkononi, si kwenye kioo cha simu. Wazee huongea na karatasi.

Kuna za kutoziweka hadharani, na hili halihitaji mjadala mrefu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu walio hai. Adabu inawahusu na waliokufa. Uso ulio ndani ya jeneza ni wa familia. Mkimbizi aliyepigwa picha katika kambi ya Lukole au Benaco akiwa mtoto leo ni mtu mzima mwenye makazi yake, na huenda hataki ijulikane alivuka na nani. Mwulize. Asipopatikana, picha ikae sandukuni, na kitakachowekwa mtandaoni ni maelezo kwamba ipo.

Maelezo yaandikwe kwa Kiswahili, na majina ya vilima kwa Kihangaza, Kishubi au Kisubi kama mzee alivyoyatamka, ili mjukuu aliye Gitega, Kigali, Mwanza au Perth akitafuta ayakute. Mfano wa picha ya harusi, kama ingekuwa mezani sasa, ungekuwa hivi: kilima cha zamani, na kijiji cha leo, baada ya Uhuru na kabla ya Operesheni Vijiji, kwa kuwa nyumba ya nyuma ilibomolewa wakati ule, bwana harusi, jina lake, mtoto wa fulani, bibi harusi, jina lake, mtoto wa fulani, ametoka ng'ambo ya Ruvuvu, aliyeketi na fimbo ni baba mkubwa, mwenye gauni la maua ndiye anayesimulia, akiwa na umri wa miaka tisa. Mstari wa nyuma, kutoka kushoto: wa kwanza jina lake, wa pili jina lake, wa tatu, aliyeinamisha kichwa, bado.

Bibi anasema anamkumbuka sura. Tumwachie nafasi.